Kaflinki Iliyomezwa na Mbuni

Haki ya Mungu, yaliyo humu yote ni kweli, kutoka neno la kwanza hadi nukta ya mwisho. Anayebisha aende Kitengela, aulize kibanda cha Nanjala muuza chai, na Nanjala akikana, basi huyo si Nanjala, ni dada yake.

Hivyo ndivyo Ojwang alivyoanza kila hadithi yake, mkono wa kulia juu, kaflinki, kile kifungo cha pambo cha mkono wa shati, ikimetameta. Na kwa kuwa hadithi hii ni yake, haitakuwa adabu ianze vingine.

Alikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha saruji kwa miaka ishirini na tisa. Vumbi la saruji halijui karani wala mbeba magunia; ikifika saa nne asubuhi wote wamekuwa rangi moja ya majivu. Ojwang akaona kwamba hata kama uso ni wa majivu, mikono yake itajulikana. Akaanza kuvaa mashati yenye mikono ya kukunjwa mara mbili, yasiyo na kifungo hata kimoja pale kwenye kifundo cha mkono, ila matundu manne yanayosubiri kaflinki. Watu wengine wakinunua shati kama hilo mtumbani walikimbilia kwa fundi awashonee vifungo vya kawaida. Ojwang alicheka. "Hiyo ni kama kununua farasi umfunge jembe," alisema.

Kaflinki zenyewe zilimjia kutoka kwenye mitumba. Mzungu huko kwao anafariki, watoto wanatupa nguo bila kuangalia, na kaflinki inavuka bahari ikiwa imelala ndani ya mkono wa shati. Wauzaji walimjua, wakamwekea. Kufikia mwaka wa tisini na saba alikuwa na jozi thelathini na moja ndani ya mkebe wa kakao. Kila jozi ilikuwa na hadithi yake, na hakuna hadithi iliyotaja mtumba. Ile yenye kichwa cha farasi aliipata kwa jaji mmoja aliyeshindwa kesi na mbuzi. Ile ya bluu ilikuwa jicho la kioo la nahodha, likakatwa katikati. Jioni baada ya kazi alikaa kibandani kwa Nanjala, akanyosha mkono juu ya meza kama mgonjwa anayepimwa presha, akangoja mtu aulize.

Aliyeuliza kila siku ni Burhan. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe, mtu wa Wajir, aliyehamia Kitengela na mkewe na watoto mwaka wa tisini na moja. Mrefu, mkavu, mwenye ndevu nyekundu za hina na kicheko kilichoanzia magotini. Ojwang na yeye hawakuwa na kabila moja, wala dini moja, wala hata chai moja, maana Burhan alitaka yenye iliki na Ojwang alitaka yenye sukari mpaka kijiko kisimame. Lakini jioni isiyo na mmoja wao, mwingine aliondoka mapema.

Kuna jambo moja la Burhan ambalo Ojwang alilisimulia hata nchi za mbali, na hilo halikuwa na chumvi. Siku moja walikwenda pamoja mnada wa Kajiado. Dalali wao, Kisemei, akaleta fahali mnene, wa bei ya kushangaza. Burhan hakutazama meno wala nundu. Alifumba macho, akapitisha kiganja kwenye paja la fahali, taratibu, kama anayetafuta swichi gizani. Akasimama. "Hapa palikuwa na chapa," akasema. "Imeunguzwa juu ili ipotee. Ero Kisemei, huyu ni wa wizi. Rudisha." Na kweli, wiki haikuisha mwenyewe akatokea, mzee wa Mashuuru, akilia kwa furaha.

"Chapa ukiifuta," Burhan alimwambia Ojwang wakirudi, "ngozi inakumbuka. Jicho linadanganywa. Mkono, hapana."

Mwaka huo huo wa tisini na saba, Immaculate, binti pekee wa Ojwang, aliolewa kanisani Kajiado. Ojwang alipekua mkebe wote akaona hakuna jozi inayofaa kumtoa mtoto. Burhan akajua bila kuambiwa. Akaingia ndani kwake, akatoka na kitambaa cha kijani, akakifungua. Kaflinki mbili za fedha ya Aden, kila moja na jiwe la akiki jekundu kama punje ya komamanga. Baba yake, Adow, alizinunua akiwa baharia, na aliporudi Wajir akachora nyuma ya kila moja, kwa ncha ya kisu, chapa ya ngamia wao: mistari mitatu, wa katikati mfupi.

"Hizi ndizo nimebaki nazo za mzee," Burhan alisema. "Vaa. Utarudisha."

Ojwang akavaa. Siku hiyo hata mchungaji alisahau bibi harusi akamtazama baba. Lakini jioni, pikapu ilipomshusha Kitengela, mkono wa kushoto ulikuwa wazi. Matundu manne, hewa tupu.

Alitafuta mpaka kucha zikajaa udongo mweusi. Kesho yake akaenda kibandani na ile iliyobaki ndani ya kitambaa. Burhan alikuwa ameketi na Kisemei. Ojwang alikuwa amekusudia kusema kwa ufupi: ndugu yangu, imepotea, sijui ilipo. Ndilo lililokuwa jambo la kweli. Lakini alipofungua mdomo na kuuona uso wa Burhan ukianza kubadilika, ulimi ukajitoa mbele kumwokoa mwenyewe.

"Haki ya Mungu," akasema, mkono juu, "mbuni ameimeza."

"Nani?"

"Mbuni. Tairi imetoboka hapa kabla ya Isinya. Nimeshuka, nimenyosha mkono kumwonyesha dereva mahali pa kuweka jeki. Mbuni akatoka nyuma ya mgunga. Kwaap! Shati hakugusa. Nikamfukuza na viatu vya harusi, maili tatu. Akasimama akanigeukia, omera, nikaiona ikishuka kwa shingo, polepole, kama lifti! Hata ilisimama kidogo katikati, kama kuna mtu anapanda."

Kisemei alimwaga chai. Nanjala akashika nguzo ya kibanda. Na Burhan, ambaye uso wake ulikuwa unaelekea kulia, akaanza kucheka kutoka magotini, akacheka mpaka machozi, na haikujulikana ni machozi ya upande gani.

"Warya Ojwang," akasema alipopata pumzi, "na kama huyo mbuni hayuko?"

"Nikipatikana na uongo nakupa kondoo dume."

"Kondoo gani?"

"Wa kwenu. Kichwa cheusi, mwili mweupe, mkia wa mafuta. Na wewe unaweka nini?"

"Mimi siweki kitu. Kamari ni haramu. Weka wewe peke yako."

"Mimi ni shahidi," Kisemei akasema, akichovya mandazi.

Mbuni yule alikua. Kufikia mvua za Novemba alikuwa amefika Mashuuru, na watu wasiomjua Ojwang waliapa kwamba wamemwona, tumbo likimulika usiku. Siku ya Idd Burhan alivaa shati jeupe, mkono wa kulia umefungwa kwa kaflinki ya fedha, wa kushoto kwa uzi mwekundu. "Wa kulia ndio unaosalimia watu," alisema. Aliyeuliza uzi huo ni wa nini, alielekezwa kwa Ojwang, na Ojwang alisimulia upya.

Wiki moja kabla ya Krismasi, Aketch, mke wa Ojwang, alikaa mlangoni akishona mfuko wa koti la harusi uliotoboka. Vidole vyake vikagusa kitu kigumu chini kabisa, ndani ya bitana. Akakata uzi. Kaflinki ikamwangukia mapajani, jiwe jekundu juu.

"Baba Imma," akasema, "mbuni wako ametapika."

Ojwang aliichukua, akaigeuza, akaona mistari mitatu.

"Mrudishie leo," Aketch akasema.

"Kesho."

Lakini kesho yake kibanda kilikuwa kimejaa wageni kutoka Nkoroi waliokuja kwa ajili ya mbuni, na Burhan mwenyewe ndiye aliyewaleta. Anamkatizaje? Ojwang akaizika chini ya jozi thelathini na moja, kwenye mkebe. Aketch alimkumbusha Pasaka. Alimkumbusha mavuno. Mwaka wa tisini na tisa, saratani ya shingo ya kizazi ilipokuwa imemmaliza na sauti imebaki upepo, alimvuta sikio karibu, na Ojwang alidhani ataambiwa habari ya shamba au kaburi. "Ile kitu ya watu," Aketch akasema. Hakusema lingine.

Alizikwa nyumbani kwao, ng'ambo ya Kisumu. Burhan alisafiri siku nzima kwenda kumzika, mkono wa kushoto umefungwa uzi.

Ojwang alistaafu. Akabaki na vyumba viwili vya kupanga, upepo wa Kitengela na mkebe. Nyumbu waliokuwa wakipita karibu na nyumba kila kiangazi walipungua kadiri seng'enge zilivyoongezeka, kisha wakaacha. Mbuni hata wa kusingizia hakuwepo tena. Immaculate alihama kufuata uhamisho wa mumewe, barua zikawa simu, simu zikawa salamu za Krismasi. Kilichobaki kumfanya mtu atamke jina lake barabarani ni hadithi moja tu. Akiiua hiyo, nani atamwita?

Mwaka wa elfu mbili na nne figo za Burhan zikakataa kazi. Mara mbili kwa wiki alipelekwa Nairobi kwenye mashine ya kusafisha damu, akarudi ngozi imekuwa kama karatasi ya kufungia nyama. Ojwang alimtembelea kila alasiri. Siku moja Kafiya, bintiye Burhan, alikuwa pale akimpa maji kwa kijiko.

"Adeer, karibu," Kafiya akasema, akimwita ami kama kawaida yake, akatoka.

"Anaolewa baada ya Idd," Burhan akasema. "Kijana anaitwa Sharmarke. Mzuri, hana maneno mengi. Nataka avae za babangu siku ya nikaha. Lakini niko na moja."

Ojwang akatazama mkeka.

"Wewe unajua hizi vitu. Nitafutie ya kufanana. Chapa usijali, hiyo iko kwa tumbo ya mbuni. Jiwe tu lifanane. Nikiona ziko mbili, nitalala vizuri."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Mlango ulikuwa wazi kiasi cha ng'ombe kupita na pembe zake. Ojwang alivuta pumzi aseme, akaona mdomo wa mgonjwa umeshaanza kutabasamu kwa kumkumbuka mbuni. Akasema, "Nitatafuta."

Njia nzima ya kurudi alijiambia kwamba Mungu amemfungulia dirisha. Atarudisha ile ile, aseme ameinunua. Burhan atakuwa na zake mbili, Sharmarke atavaa, mbuni ataishi, na hakuna atakayeumia. Kilichozuia ni mistari mitatu tu.

Aliazima tupa kwa fundi wa mageti. Mchana ule upepo ulikuwa unapiga mabati hata ukadhani yanabebwa. Ojwang alitandika gazeti mezani, akaibana kaflinki kwa koleo, akaanza. Mstari wa katikati, ule mfupi, ulitoka upesi. Ile miwili ya pembeni ilikuwa imechorwa na mtu aliyekusudia. Ojwang alisugua mpaka jasho likadondoka kwenye jiwe. Mwishowe mgongo wa kaflinki ukawa laini, mweupe, hauna habari na mtu. Unga wa fedha ulikuwa umelala juu ya gazeti, kiasi cha chumvi ya yai moja. Alitaka kuupuliza, pumzi ikakataa. Akalikunja gazeti akalitia kwenye mkebe.

Kuna kitu kimoja alichosahau. Yeye aliyelisimulia paja la yule fahali mpaka kwa abiria asiowajua, hakulikumbuka hata kidogo siku ile.

"Nimepata!" akasema kesho yake, kabla hajaketi. "Haki ya Mungu, kuna Mhindi mmoja mtaa wa nyuma kule Nairobi, kipofu, anapima mawe kwa ulimi. Amelamba trei nzima, akafika kwa hii akasema, 'Hii ni dada ya ile yako.'"

Burhan aliipokea. Hakuiinua kwenye mwanga, na macho yake siku zile hayakuwa ya kuona vitu vidogo. Akayafumba. Kidole gumba kikazunguka jiwe, kikapita ukingoni, kikageuka nyuma. Kikapita mara moja. Kikarudi. Kikasimama.

Nje mbuzi alikuwa anakohoa. Ojwang alisikia kila kikohozi.

"Kwa ulimi?" Burhan akauliza, macho bado yamefumbwa.

"Kwa ulimi."

"Na ilikuwa na ladha gani?"

"Ya... ya komamanga."

Burhan akacheka, lakini kicheko hakikutoka magotini. Kilitoka hapa kifuani tu, kikaisha. "Nzuri," akasema. "Ya mbuni ilikuwa bora. Nieleze tena ile ya mbuni."

Ojwang akaisimulia. Alisimulia yote, tairi, jeki, lifti, na kila alipofika mahali pa kucheka alimngoja rafiki yake, na rafiki yake alishika kaflinki ndani ya ngumi na kutikisa kichwa polepole. Alipomaliza, Burhan akasema, "Ahsante, ndugu." Alikuwa hajawahi kumshukuru kwa hadithi.

Alifariki siku ya nane. Walimwosha, wakamvika sanda isiyo na mshono wala kifungo, na kabla ya alasiri kwisha alikuwa ardhini. Kabla ya sala imamu aliuliza watu kama kuna aliye na dai kwa marehemu. Watu wakatikisa vichwa. Ojwang, aliyesimama nje ya ua na viatu vyake miguuni, alingoja aulizwe swali la pili, kama kuna ambaye marehemu anamdai. Hakuna aliyeuliza. Akarudi nyumbani hajasema.

Zikapita wiki tatu. Ojwang alikuwa kibandani, peke yake na kikombe, mkono umenyoshwa mezani kwa mazoea. Kafiya akaja na Kisemei nyuma yake. Kisemei hakusalimia kwa kelele zake za kila siku. Alisema "Sopa" kwa sauti ya matanga, akakaa.

"Kafiya, mtoto wangu. Nanjala, mpe chai."

"Sikai, adeer." Kafiya akafungua kitambaa cha kijani juu ya meza. Kaflinki mbili. Akazigeuza zote mbili migongo juu. Moja ilikuwa na mistari mitatu. Nyingine ilikuwa laini. "Baba aliniachia swali moja la kukuuliza."

"Uliza."

"Alisema nikuulize: huyo mbuni alikula chapa tu, akaacha kifungo?"

Nanjala, aliyekuwa anamimina, akaacha kumimina. Ojwang aliinua mkono wa kulia juu, kama kawaida. Mkono ukafika usawa wa bega. Midomo ikafunguka. Hapakuja Mhindi wala mbuni. Mkono ukashuka wenyewe.

"Tangu lini alijua?" akauliza.

"Siku uliyoileta. Kidole tu. Aliniita jioni akanishikisha na mimi. Nikamwambia, 'Aabo, kwa nini haukusema?' Akasema, 'Nikisema, kesho ataona haya kuja. Na mimi bado nataka kusikia hadithi.'"

"Ilikuwa kwa bitana ya koti," Ojwang akasema. "Kafiya, sikuiba. Ilikuwa kwa bitana. Aketch ndiye alipata. Ningemwambia kesho yake."

"Miaka saba, adeer."

"Kulikuwa na wageni."

Hakuna aliyecheka. Kafiya akaichukua ile yenye chapa, akaifunga kitambaani. Ile laini akaisukuma kwa kidole mpaka mbele ya Ojwang.

"Hii si yetu. Baba alisema kitu kilichofutwa chapa hakiingii boma. Sharmarke atavaa moja. Uzi uko."

"Chukua, tafadhali. Ni ya babu yako."

"Ilikuwa."

Kisemei akakohoa. "Ero Ojwang," akasema, akitazama kikombe badala ya uso, "mimi ni shahidi. Kichwa cheusi, mwili mweupe, mkia wa mafuta."

Alhamisi wakaenda mnada wa Kajiado, Ojwang na Kisemei, wasizungumze njiani. Ojwang alikuwa na mfuko mmoja, na ndani yake mkebe. Jozi thelathini na moja alimuuzia muuza mashati aliyekuwa akizitamani tangu zamani, na mtu huyo alipouliza ya farasi ilitoka wapi, Ojwang akasema, "Mtumbani." Kisemei akachagua dume zuri kuliko yote, kichwa cheusi kama sufuria ya harusi, mkia umejaa hata linayumba. Kilichobaki kwenye mkebe kilikuwa gazeti lililokunjwa na kaflinki moja isiyo na mgongo wa kusema.

Jioni walilifikisha nyumbani kwa marehemu. Ojwang alikuwa amekunja mikono ya shati hadi viwikoni. Nanjala alikuwa amefuata, na majirani wawili watatu waliozoea kwamba Ojwang akisimama mahali, kuna la kusikia. Kafiya akatoka. Akalizunguka dume, akapitisha kiganja ubavuni, macho wazi.

"Halina chapa."

"Nimelinunua leo, mtoto wangu."

"Basi litiwe."

Kisemei akatoa mfukoni bonge la udongo mwekundu, akalitemea mate, akampa. Ojwang akapiga magoti mavumbini. Akachora mstari mmoja kwenye manyoya meupe. Akachora wa katikati, mfupi. Wa tatu kondoo alitikisika, ukaenda kombo.

"Baba Imma," Nanjala akasema polepole kutoka nyuma, "si utuambie kitu."

Ojwang alibaki ameinamisha kichwa, vidole vyekundu, akingoja. Kafiya akahesabu mistari kwa macho, moja, mbili, tatu, kisha akanyosha mkono akaipokea kamba ya lile dume.